Mgonjwa Ni Huyu

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Sindano,

Mimi baba yako tangu nizaliwe sijaumwa hata siku moja. Liandike hilo kwenye daftari lenu la hospitali na manesi wenzako walisome.

Haya, toa ule mwaka wa tambazi. Toa na lile jino. Na zile wiki mbili nilizolazwa kwa ajili ya mapafu, ambazo mama yako anasema zilikuwa tano. Basi tuseme nimeumwa kama watu wengine, ila mimi niliumwa kwa kelele zaidi, na ndiyo maana siku zote nilijua kuwa kati ya watu wawili wa nyumba hii nitakayeanza kuharibika ni mimi. Sasa unaniandikia kwamba ni mama yako! Presha! Siku ile tulipokuja kwako ukatupima wote wawili, ukacheka, ukasema, "Wazee wangu mko kama vijana." Kumbe ulikuwa umemeza jiwe.

Barua yako nimeipokea kwa kinyozi, kama ulivyopanga. Umefanya vizuri kutopiga simu. Simu ya nyumba hii ni moja na mama yako anailalia chini ya mto. Nimeelewa maneno yako yote: chumvi ipungue, na yeye asijue kwamba anaumwa, maana hofu itampandisha zaidi.

Lakini Sindano, unajua unachoniomba? Huyu mwanamke amepikia shule ya bweni miaka ishirini na sita. Watoto mia nne, sufuria ambalo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake akabakiza nafasi ya mgeni. Alipostaafu, sufuria likapungua. Mkono haukupungua. Chumvi anaichota kwa konzi hadi leo, kama bado kuna foleni ya watoto dirishani. Mtu kama huyo namwambiaje apunguze bila kumpa sababu?

Nitatumia ujanja. Leo mchana nitaonja maharage, nitakunja uso, nitasema yana chumvi. Nikipigwa mwiko utapata habari zangu kwa kinyozi.

Baba yako,
fundi viatu


Jumatano, 5 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimepewa na yule rafiki yangu fundi cherehani. Nimeisomea nyuma ya mlango wake. Nimelia kidogo, kisha nikaacha, maana nilikuwa nimeacha sufuria motoni.

Kwa hiyo baba yako presha yake ni ya kutisha na mwenyewe hajui. Na nisimwambie, kwa sababu ukimwambia huyu mzee asile kitu, atakila kwa vijiko viwili. Hapo umesema kweli tupu.

Sasa sikiliza maajabu. Juzi Jumatatu, barua yako hata sijaisoma, baba yako kaonja maharage, kakunja uso kama mtu aliyeng'atwa.

"Mke wangu," akasema, "mbona chumvi?"

Mwanangu, baba yako! Mtu anayetia chumvi kabla ya kuonja! Nilibaki nimeshika mwiko hewani. Jana nilipopata barua yako ndipo nikashika kichwa: kumbe mwili wake wenyewe umeshajua. Nikamwambia, "Haya baba, kuanzia leo nitapunguza." Naye akashtuka, akaniangalia kama mtu aliyekuja kugombana akakuta mlango uko wazi.

Nimetoka kwenye konzi, nimeingia vidole vitatu. Wiki ijayo vidole viwili. Nikionja naona kama nakula karatasi iliyonyeshewa, lakini yeye anasema tamu, tena anasema kwa sauti.

Kitu kimoja sikielewi. Siku hizi anakwenda kwa kinyozi kila asubuhi, na kichwa chake kina nywele tisa.

Mama yako


Ijumaa, 14 Machi

Baba, shikamoo.

Nimefurahi sana. Endelea hivyo hivyo, na usimwambie Mama lolote. Hakikisha chupa ya chumvi haikai mezani, asije akatamani. Ukiona dalili yoyote, kichwa kuuma, kizunguzungu, macho kuona nyota, niandikie siku hiyo hiyo.

Sindano wako


Ijumaa, 14 Machi

Mama, shikamoo.

Nimefurahi sana. Endelea hivyo hivyo, na usimwambie Baba lolote. Hakikisha chupa ya chumvi haikai mezani, asije akatamani. Ukiona dalili yoyote, kichwa kuuma, kizunguzungu, macho kuona nyota, niandikie siku hiyo hiyo.

Habari ya kinyozi isikusumbue. Wazee wanapenda soga.

Binti yako


Jumatatu, 24 Machi

Sindano,

Mambo yameharibika. Nianze na kosa langu ili ukinigombeza uwe umeshamaliza kabla hujafika kwenye jambo kubwa.

Siku kumi za kwanza nilivumilia. Maharage yasiyo na chumvi, mchicha usio na chumvi, viazi ambavyo hata viazi vyenyewe vilikuwa vinaona aibu. Nikala, nikasifu, nikaomba niongezwe. Kisha nikajiuliza swali la kisheria: mgonjwa hapa nani? Si mimi. Mtu mzima wa afya ananyimwa chumvi kwa kosa gani? Basi nikachukua kikopo kimoja cha rangi nyeusi ya viatu kilichokwisha, nikakiosha kwa sabuni mara tatu, nikakijaza chumvi, kinakaa mfuko wa kushoto. Wakati wa kula mkono unashuka chini ya meza, kidole kinachovya, kinapanda kama kinapangusa sharubu. Mama yako haoni kitu. Chumvi yenyewe ina ladha ya kiatu kidogo, lakini mimi na viatu ni ndugu.

Sasa jambo kubwa. Mama yako anatafuna kitambaa cha kichwa.

Usicheke. Tangu wiki iliyopita, tukikaa kula, anaivuta ile ncha ya kitambaa inayoning'inia begani, anaitia mdomoni, anainyonya akiangalia ukutani. Tonge, kitambaa. Tonge, kitambaa. Kama ndama. Jana nikamuuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Hakuna kitu, jino." Mama yako ana meno ya kufungulia chupa, hajawahi kulalamikia jino!

Na kuna jambo jingine. Ananiita "baba" kwa sauti laini. Ananiangalia nikila mpaka machozi yanamlengalenga. Mwanamke huyu kwa miaka arobaini amekuwa akiniita "wewe". Nadhani ugonjwa umemfika kichwani, Sindano. Nimeanza kuamka kabla yake, nawasha jiko, nachemsha maji, akiamka anakuta chai. Najiambia asichoke. Usiku namsikiliza kama anapumua. Niambie ukweli: anakwenda?

Mimi usinihofie. Kisogo kinanigonga asubuhi, lakini hiyo ni nyundo, miaka yote hii imehamia ndani. Na juzi nilipoinama kuokota kisigino niliona nyota kadhaa mchana kweupe. Gundi ile mpya ina harufu kali.

Baba yako


Jumatano, 26 Machi

Mwanangu,

Njoo. Kama huwezi kuja, niambie la kufanya.

Midomo ya baba yako inageuka myeusi. Ilianza kona ya kushoto, sasa imeingia chini ya sharubu. Juzi alipopiga miayo nikaona na ulimi, una mistari kama wa mbuzi aliyelamba masizi. Nimemuuliza kama anasikia maumivu akasema yeye ni chuma. Tena anatetemeka: mkono wake wa kushoto wakati wa kula unashuka chini ya meza peke yake, halafu unapanda kwenye sharubu, unashuka, unapanda. Moyo wangu unakufa kila ukipanda.

Na amekuwa mpole! Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Anaamka alfajiri kunichemshia chai. Chai yenyewe haifai, lakini nainywa yote. Mtu aliyeishi na mimi miaka arobaini bila kujua kiberiti kinakaa wapi, leo ananiuliza, "Umelala vizuri?" Watu wakikaribia safari yao huwa hivi. Marehemu mjomba wangu naye alikuwa hivi wiki ya mwisho, alirudisha hadi majembe ya watu.

Mimi niko salama. Nakuungamia jambo moja ili usije ukaambiwa na mtu mwingine: nimefunga chumvi kidogo kwenye ncha ya kitambaa cha kichwa, nikizidiwa nanyonya. Chakula hiki ni cha mgonjwa na mimi si mgonjwa. Baba yako ameniona, nikamdanganya ni jino. Ananiamini siku hizi, maskini. Zamani angebisha mpaka nifungue mdomo.

Mama yako


Jumanne, 1 Aprili

Baba,

Kitupe hicho kikopo leo. Usisubiri kumaliza kilichomo. Usiniulize kwa nini.

Mama hajachanganyikiwa, nakuahidi. Hilo la kitambaa nitakueleza tukionana. Wewe niambie: kisogo kinakugonga tangu lini? Hizo nyota umeziona mara ngapi?

Jumanne ijayo, tarehe 8, mpeleke Mama zahanati. Atakubali, usihangaike na namna ya kumwambia. Mkifika wakupime na wewe pia, ili asijione peke yake. Ninakuomba Baba. Nimezungumza na tabibu wa pale, anawasubiri.

Sindano


Jumanne, 1 Aprili

Mama,

Midomo isikutishe, najua ni nini na si ugonjwa. Kinachonitisha ni kingine. Angalia mfuko wake wa kushoto akiwa amelala. Ukikuta kikopo, mwaga kilichomo.

Jumanne tarehe 8 mpeleke zahanati. Atasema yeye ndiye anayekupeleka wewe. Mwache aseme. Usibishane naye njiani, mfikishe tu.

Binti yako


Jumatano, 9 Aprili
Wodini, kitanda cha dirishani

Sindano,

Naandika nimelala chali, kwa hiyo herufi zikipanda mlima nivumilie. Karatasi nimepewa na jirani yangu wa kitanda cha pili, mzee mmoja mwenye mguu hewani, ambaye ananicheka tangu jana.

Barua yako ilifika Jumatatu. Kikopo sikukitupa. Mtu akikuambia "tupa, usiulize", kitu hicho lazima kina thamani. Nikalala nacho. Mama yako usiku alikuwa akinipapasa mfuko. Nikadhani ni mapenzi.

Jana asubuhi tukatoka. Yeye ananishika mkono ili nisianguke, mimi namshika mkono ili asianguke, tukawa tunavutana barabarani kama watoto wanaogombania gari la waya. Tukafika mapokezi. Karani akauliza, bila hata kuinua kichwa, "Mgonjwa nani?"

Nikasema, "Huyu."

Mama yako akasema, "Huyu."

Karani akainua kichwa. Akakuta kila mmoja amemnyooshea mwenzake kidole.

"Wazee wangu," akasema, "hapa si mahakamani."

Nikamkonyeza, kumwonyesha kwamba mama hajijui. Mama yako naye akamkonyeza. Karani akatuangalia, akaita tabibu.

Tabibu ni binti mdogo, umri wake na wa nyundo yangu unalingana. Akampima mama yako kwanza. Nimesimama pembeni, naomba Mungu kimya kimya kwa maneno ambayo sijayatumia tangu ulipozaliwa. Binti akatazama mashine, akasema, "Mama, uko vizuri. Uko vizuri kuliko mimi."

Nikasema, "Pima tena."

Akasema, "Mzee, zamu yako."

Nikakaa, kwa heshima, kama ulivyoniomba. Mashine ikanibana mkono wa kulia. Akaangalia. Akahamia wa kushoto. Akaangalia tena. Akaleta mashine nyingine. Nikamwambia, "Mwanangu, ukikosa kitu mkononi jaribu mguu." Hakucheka. Akauliza, "Umekujaje hapa?" Nikasema, "Kwa miguu." Akasema, "Lala hapo. Usisimame."

Kisha akaniangalia midomo. Akachukua pamba, akapangusa, ikatoka nyeusi. Akainusa. Akauliza, "Hii ni rangi ya viatu?"

Hapo mama yako akaingiza mkono kwenye mfuko wangu wa kushoto bila kuomba ruhusa, akatoa kikopo, akafungua, akachovya kidole, akaonja. Akakiweka mezani. Kisha polepole akafungua fundo la ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akamwaga chumvi yake pale pale kando ya yangu. Vichuguu viwili, kimoja cheupe, kimoja cha kijivu.

"Nimekupikia majani ya kuchemsha mwezi mzima kwa ajili ya roho yako," akasema, "na wewe ulikuwa unalamba chumvi kwenye rangi ya viatu?"

"Na mimi nimekula hayo majani mwezi mzima kwa ajili ya roho yako," nikasema, "na wewe ulikuwa unainyonya kwenye nguo?"

"Roho yangu ina nini?"

"Yangu je?"

Tabibu akatuomba tugombane kwa sauti ndogo, wagonjwa wengine wanasikia. Mama yako akaambiwa anaweza kwenda nyumbani. Mimi nikaambiwa nibaki.

Sindano, sielewi. Nina barua yako hapa chini ya mto, umeandika kwa mkono wako: Mama anaumwa. Mama yako naye amenionyesha ya kwake, mkono ule ule, wino ule ule: Baba anaumwa. Jirani yangu wa mguu anasema labda nesi ameshapoteza hesabu ya wazazi. Wananipa vidonge, kisogo kimeacha kugonga, na ukimya wake unanitisha kuliko kelele. Nijibu upesi, tena kwa neno moja.

Nani?

Baba yako


Alhamisi, 10 Aprili

Mwanangu,

Anakula, anatania manesi, kwa hiyo yuko hai.

Amenisomea barua uliyomwandikia yeye, kwa sauti, mpaka yule mzee wa mguu akatoa machozi kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje. Nikawa nazihesabu zile chai mbaya, moja moja. Nilikuwa nimedhani ananiaga, mwanangu. Kumbe alidhani mimi ndiye ninayeondoka.

Sina neno la kukugombeza leo. Nitalipata.

Mama yako


Jumatatu, 14 Aprili

Baba,

Wewe.

Siku ile nilipowapima, presha yako ilikuwa mia na tisini juu ya mia na kumi na mbili. Ya Mama haikuwa na tatizo lolote. Mama nilimwambia kweli. Wewe nilikudanganya.

Nilikuomba uende zahanati mara tatu mwaka jana. Mara ya kwanza ulisema mvua. Ya pili ulisema msiba. Ya tatu ulitoka asubuhi, ukakaa kwa kinyozi mpaka saa tisa, ukarudi na jibu ulilotunga, kwamba daktari amesema una mishipa ya kijana wa miaka kumi na minane. Mama aliniambia ulilitamka mbele ya wageni. Nikajua kwa ajili yako mwenyewe hutaacha hata punje moja, lakini kwa ajili ya Mama ungeacha. Nikaona nimepata ujanja mkubwa kuliko wako.

Na kweli uliacha. Uliacha kwenye sufuria, ukala mfukoni, kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia kwamba wewe ni mzima. Hilo sikuliona. Nilisoma barua yako ya nyota na kisogo nikiwa kazini, nikakaa chini sakafuni, mgonjwa mmoja akaniletea maji. Ungeanguka pale kwenye kiti chako cha ufundi, ingekuwa kwa mkono wangu.

Nisamehe. Kunywa vidonge kila siku, hata ukijisikia kama kijana wa miaka kumi na minane.

Binti yako


Jumanne, 22 Aprili

Sindano,

Niko nyumbani tangu Ijumaa. Nakunywa kidonge kila asubuhi mbele ya shahidi, ambaye baadaye ananiamuru nifungue mdomo, niinue ulimi, niuzungushe kushoto na kulia. Miaka ishirini na sita ya kukagua watoto mia nne kama wamemeza dawa ya minyoo, unadhani nitakificha wapi?

Umeomba msamaha. Nilikukasirikia siku mbili, siku ya tatu nikajiuliza, huyu mtoto uongo wa namna hii kajifunzia wapi? Nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikajikuta mwenyewe. Basi tuliache. Ungenipa ukweli ningeupeleka kwa kinyozi ukanyolewe.

Lakini usidhani hujaniharibia kitu. Mama yako amenigeuza yai. Nyundo amenipokonya, amesema nitaishika akishaona tarakimu mbili anazozitaka yeye. Nikikohoa anakuja. Nisipokohoa anakuja kuuliza mbona kimya. Chumvi anaitia punje kwa punje, kwa kucha, amevaa miwani yangu. Wateja wanaleta viatu, mimi nakaa pembeni kama bwana harusi mzee, natoa maelekezo, na yeye anashona. Anashona vibaya. Wanamsifu.

Sasa nikuambie kitu ambacho sitakirudia, na barua hii ukiisha kuisoma ichane. Ule mwezi niliodhani ni yeye anayekwenda, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ila kila asubuhi nikifumbua macho nilikuwa najua kazi yangu ni ipi. Leo nafumbua macho, nakuta ameshaamka, kila kitu kimeshafanywa, na ananisikiliza ninavyopumua. Nikijaribu kuinuka anasema, "Kaa." Mtu nimeoa miaka arobaini, nimejua juzi tu kwamba napenda kumhudumia, na ruhusa imeshafungwa.

Tabibu mwenyewe amesema nitembee. Mama yako anadai alisikia nitambae.

Kwa hiyo, mwanangu, mimi nimekubebea uongo wako mwezi mzima bila kulalamika, na mama yako hujampa hata mmoja. Huo si uadilifu kwa wazazi wawili. Mpe wake. Chukua karatasi ya hospitali, ile yenye muhuri kwa juu, umwandikie hivi: mgonjwa wa presha ni lazima aende sokoni kila Jumamosi kwa miguu, na kapu alibebe yeye, kwenda na kurudi, mke wake akitembea kando yake mikono mitupu. Hilo la mikono mitupu lipigie mstari, maana atatafuta pa kushika.

Iitume kwa fundi cherehani kabla ya Jumamosi.

Baba yako